Mama aliambiwa mikono yake haisomeki

Nimeahirisha kuandika haya mara mbili tatu nikingoja hasira ishuke. Haijashuka, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nazungumzia yale maonyesho ya sanaa ambamo mimea hai imeunganishwa na kompyuta. Unaingia kwenye ukumbi wa giza, mimea imepangwa kwenye vyungu vyake, na ukigusa jani ukuta ulio mbele yako unachanua: mashina ya mwanga yanapanda hadi darini, sauti nzito inatoka chini ya miguu. Habari za ukubwa wa ukumbi na idadi ya projekta mtazikuta kwenye matangazo yao. Mimi nina habari ya chungu kimoja tu, chungu cha kangaga, na maneno aliyoambiwa mama yangu akiwa amesimama mbele yake.

Tulikwenda wiki kadhaa zilizopita, siku yenyewe siikumbuki. Ni mimi niliyemshawishi. Sanaa ya aina hii imenikaa moyoni tangu nilipopata habari za wasanii wawili, Christa Sommerer na Laurent Mignonneau, ambao mwaka 1992 walitengeneza kazi ambayo mtu alikuwa akisogeza mkono kwenye mmea halisi, au akiugusa, na kwenye skrini mimea ya kompyuta ikaota kwa kufuata mkono wake. Mwaka 1992, wakati watu wengi duniani hata neno intaneti walikuwa hawajalisikia! Kilichonishika ni lile wazo kwamba mmea unaweza kumtambua mtu aliyeufikia. Nikajiambia, nani atafurahi kuliko mama? Amelima tangu usichana wake. Viganja vyake vina sugu, ukivishika unadhani umeshika gome la mti.

Tukapanga foleni. Watoto waliokuwa mbele yetu waligusa lile kangaga, ukuta ukawaka, wakapiga vigelegele. Wa mwisho wao ilibidi alikumbatie kwa viganja vyote viwili ndipo likajibu, na mwanga wenyewe ulikuwa hafifu. Sikulitilia maanani. Zamu ya mama ikafika. Akalishika jani kwa ncha za vidole, taratibu, vile anavyogeuza majani ya miche kutafuta wadudu upande wa chini. Kimya. Ukuta mweusi. Akashika jani jingine. Kimya. Akageuka kunitazama kwa uso wa mtu anayedhani ameharibu kitu cha watu.

Msimamizi, kijana aliyeshika kishikwambi, hakusogea hata hatua moja. Aliangalia kishikwambi chake, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Bibi, mikono yako haisomeki. Imekauka mno. Mpishe anayefuata."

Haisomeki! Watu wawili watatu wakacheka. Na mama, badala ya kukasirika, akasema, "Samahani, mwanangu." Yeye ndiye aliyeomba radhi. Nikiandika sentensi hiyo hadi sasa koo linanibana.

Nisimsingizie kijana. Kuhusu mashine hakusema uongo. Waya unazikwa kwenye udongo wa chungu, mmea una maji ndani yake, na maji yale yana chumvichumvi inayopitisha umeme. Ukigusa jani, mwili wako unaingia kwenye ule mzunguko, na kompyuta inapima badiliko dogo sana linalotokea. Ngozi kavu yenye sugu inauzuia umeme kuliko ngozi laini yenye unyevu, ndiyo maana hata simu za kugusa huwasumbua watu wenye vidole vigumu. Lakini programu inarekebishwa na mtu. Mtu huyo aliamua kiasi gani cha mguso kihesabiwe kuwa mguso. Alijaribu kwa mikono ya nani? Ukitengeneza kazi inayodai kuunganisha binadamu na mimea, halafu isimwone mkulima, basi kosa ni la kazi yako, na huna haki ya kumtangazia foleni nzima kwamba kosa ni la mikono yake.

Hapo nilikwishaamua: nyota moja, na ningewashauri watu wote wasikanyage pale.

Lakini mama kabla ya kuvuka kamba akatumbukiza kidole ndani ya chungu, hadi kwenye kifundo cha pili. Akakitoa. Hakikushika hata chembe ya udongo.

"Huyu ana kiu," akasema.

"Bibi, usiguse udongo, kuna waya humo!"

"Waya nauona, mwanangu. Maji ndiyo siyaoni."

Aliyasema kwa upole kabisa, kama anayemweleza mjukuu. Nyuma ya pazia akatoka fundi, mwanamke wa makamo, nadhani alisikia zile sauti. Akauliza kuna nini. Hakumsikiliza kijana, alimsikiliza mama. Naye akatia kidole kwenye chungu, akakunja uso, akaenda kuleta maji. Akamwagilia kidogo kidogo, akingoja yanywewe ndipo aongeze, na mama akawa anamwelekeza: "Pale pembeni pia, mizizi yake inapenda kukimbilia ukingoni." Foleni yote ikasimama ikitazama wanawake wawili wakinywesha mmea. Hakuna aliyecheka sasa.

Tulisubiri, sijui dakika ngapi. Kisha fundi akasema, "Mama, jaribu tena."

Akaligusa. Ncha ya kidole kimoja tu.

Ukuta uliwaka kuliko ulivyowaka kwa mtoto yeyote. Makangaga ya mwanga yalijikunjua kutoka sakafuni, yale machipukizi yake yaliyojiviringa kama konokono yakafunguka moja baada ya jingine hadi juu ya vichwa vyetu, na ile sauti ya chini ikapanda pole pole kama watu wengi wanaovuta pumzi pamoja. Akaondoa kidole, vikazama. Akakirudisha, vikaota tena. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Mama hakuutazama ukuta. Alikuwa amelitazama jani lenyewe, na akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe lilikuwa linanisikia."

Udongo mkavu haupitishi umeme ipasavyo. Ni hilo tu. Mikono ya mama ilikuwa migumu, kweli, lakini chungu ndicho kilichokuwa kimekufa kiu, na kila siku ilipopita kilikuwa kinawasikia watu kidogo zaidi, na kishikwambi kikaandika kwamba watu ndio wana kasoro.

Kwa dakika zile tungesimama pale hadi wafunge. Sijawahi kuona kazi ya sanaa iliyonigusa hivyo, na kama mtu angeniuliza palepale ningemwambia aende siku hiyo hiyo, achukue na mama yake. Nyota tano.

Kisha tukageukia vyungu vingine, na mama akawa anatia kidole kila kimoja. Mshubiri ulikuwa salama, huo unavumilia. Mtambaazi uliofuata ulikuwa mkavu. Mwingine mkavu. Makangaga mengi hupenda kivuli chenye unyevu, na haya yamewekwa karibu na mitambo inayotoa joto siku nzima, ncha za majani zimegeuka kahawia, na ukutani kuna maandishi marefu kuhusu kuturudisha kwenye maumbile. Nilimuuliza fundi nani anamwagilia. Akasema zamu hubadilika. Kijana alipoulizwa akasema yeye ni wa mashine.

Hapo ndipo hasira iliponirudia, na haijatoka. Mwaka 1995 Ken Goldberg, msanii na mhandisi wa roboti, na wenzake waliweka bustani ndogo nchini Marekani, watu wa mbali wakawa wanapanda mbegu na kuzimwagilia kupitia intaneti kwa mkono wa roboti. Baadaye ikahamishiwa Linz, Austria, ikadumu hadi 2004. Kwenye kazi ile kumwagilia ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe. Hawa wana mmea mbele ya macho, bomba la maji liko nyuma ya pazia, na wameufanya kuwa swichi ya taa.

Tukiwa njiani mama aliuliza kwa nini hawakuweka kifauongo. Kile ukikigusa kinafunga majani chenyewe: maji yanahama kwenye vifundo vya jani, linalegea, na baada ya muda linafunguka tena. Hakihitaji waya, na kikipata kiu unakiona. Sikuwa na jibu la kumpa.

Yule kijana hakumwomba mama radhi. Tulipopita karibu naye tukitoka alikuwa ameinamia kishikwambi chake. Kwa sababu hiyo nyota tano zimeshuka hadi mbili. Nilikuwa nimeandika tatu, nimeifuta nilipofika aya hii.

Mama anataka turudi. Anasema anataka kuangalia lile kangaga kama limechipua, na amekwishaniuliza mara mbili ni lini. Nitampeleka.