Wameniuzia pawa saplai nyingine, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme, kumbe nailoni ya kiwandani kwenye kipoza joto hawakuibandua!

Jina la duka silitaji. Liko Mtwara mjini, wanauza na kuunganisha kompyuta za mezani. Ukitaka mausi au flashi nenda tu, bei zao nzuri. Ila ukitaka wakuungie mashine ya kazi nzito, nisikilize kwanza.

Mimi nahariri video za harusi na unyago. Watu wakishalipwa korosho sherehe zinafuatana, na kompyuta ya kawaida haihimili. Vifaa viliagizwa Kariakoo, vikaja na basi, wakaniungia wao. Nyaya walizipanga vizuri sana, hilo sikatai.

Shida ikaanza nilipoanza kurenda, yaani kuitoa video iliyohaririwa iwe faili moja kamili. Ukiandika barua au ukiangalia filamu, mashine haina neno. Ukiipa kazi, feni inapiga kelele, kisha inakata ghafla bila ujumbe wowote kwenye skrini. Ukiiwasha papo hapo inazima tena kabla hata Windows haijafunguka. Ukiiacha ipoe, inawaka kama kawaida. Hapo tu fundi yeyote anayeijua kazi yake angehisi joto.

Fundi wao mkubwa hakugusa hata skrubu. "Dada, huo umeme wa Mtwara. Na hili joto la pwani, mashine hiyo inataka kiyoyozi." Nikamweleza kwamba inapozima, UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, hailii, skrini na rauta zinabaki zinawaka, na vyote viko kwenye UPS hiyo hiyo. Umeme ungekatika, mbona vile visizime? Akawageukia wanafunzi wa chuo waliokuwa wanasubiri, akasema, "Akina mama wananunua mashine kubwa kwa kuona wenzao wanazo." Mbele ya watoto wale! Nimemlipa hela yangu ya jasho, halafu ananisema hivyo.

Kisha akafungua kumbukumbu za Windows, akaninyooshea kidole penye maneno Kernel-Power, namba 41. "Si unaona pawa hiyo? Pawa saplai imekufa." Akaniuzia nyingine. Sasa jamani, namba 41 Windows inaiandika mashine ikishawaka tena, kueleza kwamba mara iliyopita ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Sababu haisemi. Inaweza kuwa umeme, joto, ramu, au mtu kachomoa waya. Mtu anayejiita fundi anasoma neno moja la Kiingereza na kumtoza mteja hela!

Pawa saplai mpya ikafungwa, mashine ikazima vile vile. Safari hii akataka kupiga Windows upya, na humo ndani nina harusi za watu. Nikakataa, nikabeba mashine yangu.

Nyumbani nikaweka HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto la kila kifaa. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilikuwa zaidi ya nyuzi 70 bila kazi yoyote. Nilipobonyeza kurenda tu, ikapanda hadi 100. Prosesa nyingi za Intel za mezani kikomo chake ni hapo hapo: inaanza kujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda inakata ili isiungue. Kwa hiyo mashine ilikuwa inajiokoa, na sisi tunalaumu umeme.

Fundi wa televisheni, jirani yangu hapa Chikongola, ndiye aliyefungua kipoza joto cha prosesa. Chini yake, pale chuma kinapotakiwa kugusana na prosesa, ilikuwepo ile nailoni ya kiwandani, na imeandikwa kabisa iondolewe kabla ya kufunga. Pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoza, waliipaka juu ya nailoni, ni sawa na kupaka dawa juu ya bandeji. Tukabandua, tukasafisha kwa spiriti, tukapaka pesti mpya kidogo katikati, tukakaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Sasa narenda harusi nzima na haivuki 75. Na joto la Mtwara ni lile lile, wala kiyoyozi sina.

Nikairudisha nailoni dukani, nikaiweka mezani. Jibu lake: "Nani kakwambia ufungue? Garantii imeshakufa." Hakusema hata pole. Kijana wao wa kaunta ndiye aliyenifuata hadi nje akaniomba radhi, na kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota mbili, tatu ukihesabu na zile nyaya. Lakini kila nikikumbuka maneno yale mbele ya wanafunzi, siwezi. Nyota moja, na hiyo ni ya yule kijana.

Pawa saplai ya kwanza nimeirudisha ndani na inafanya kazi mpaka leo. Ile waliyoniuzia ipo kwenye boksi lake, risiti ninayo, na hela yangu naidai.