Jamvi la sponji kwa mtoto anayetambaa

Jamvi hili la vipande vinavyounganishwa tulilinunua Kariakoo binti yetu alipoanza kujivuta kwa tumbo, na kwa kazi hiyo linafaa sana, kwani halitelezi juu ya vigae na husafishika kwa kitambaa kibichi. Bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Lushoto, alilalamika kwamba mjukuu anachelewa kutambaa kwa mikono na magoti. Nilimweleza kwa adabu kwamba, kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, watoto wengi huanza kutambaa kati ya miezi 5 na 13, na wachache hawatambai kabisa. Hakushawishika. Kasoro kubwa ni herufi zilizokatwa ndani ya vipande, ambazo huchomoka kirahisi na kuishia mdomoni, hivyo ziondolewe mapema.