Diskasi ndani ya tangi la mimea hapa Tanga: uzoefu wangu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: diskasi, samaki wa mapambo wa mviringo na bapa kama sahani, walistahili kila shilingi, vifaa ni vya kuridhisha, lakini mimea niliyouziwa pamoja nao siitaki tena hata ya bure. Ninaandika kwa sababu wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huku pwani huambiwa kwamba diskasi hawawezekani nje ya Dar, na anayethubutu huambiwa awaweke kwenye tangi tupu lisilo na hata jani moja. Yote mawili si kweli, ila yana masharti yake.

Nilinunua kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Jina lake nalihifadhi, maana sina ugomvi naye. Kifurushi chake kilikuwa na diskasi sita wadogo, filta ya nje, hita ya wati 300, taa ya LED na alichokiita mimea ya kuanzia. Tangi nilitengenezewa na fundi vioo wa Ngamiani, urefu sentimita 120, upana 50 na kimo 50, kwa kioo cha milimita 10. Hizo ni lita 300, yaani kilo 300 za maji peke yake kabla hujahesabu kioo na mchanga. Meza ya televisheni iache ibebe televisheni. Mimi nilijengewa kitako cha tofali.

Samaki walikuja kwa basi, kila mmoja na mfuko wake uliojazwa oksijeni, wote ndani ya boksi jeupe la kuhifadhia baridi. Ni kilomita kama 350, Chalinze, Segera, Muheza, na kondakta alinikabidhi kwa mikono miwili akiuliza kama ni chanjo. Walifika weusi. Ukiwaona hivyo usifadhaike: diskasi akiogopa rangi yake huzama, akitulia hurudi. Maelekezo ya muuzaji hapa yalikuwa ya kupigiwa mfano. Alisema taa zizimwe, maji ya tangi yatoneshwe polepole kwenye ndoo walimo kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, na siku ya kwanza wasilishwe. Tena alinitumia sponji iliyokwisha kufanya kazi kwenye tangi lake, imejaa bakteria wale wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati isiyo kali. Kwa sponji hiyo tangi langu lilikomaa mapema kuliko nilivyotazamia. Muuzaji anayefikiria jambo la namna hiyo anajua kazi yake.

Kwa nini sita? Kwa sababu ukiweka wawili au watatu, mmoja atafanywa punda wa wenzake, atasukumwa pembeni na atanyimwa chakula mpaka akonde. Wakiwa wengi ubabe unagawanyika.

Sasa joto. Hawa ni samaki wa bonde la Amazoni, huko Brazili, Peru na Kolombia, na jenasi yao ni Symphysodon. Heckel, mtaalamu wa samaki wa Austria, alimwelezea wa kwanza wao kisayansi mwaka 1840. Wanataka maji ya nyuzi 28 hadi 30. Mfugaji wa Ulaya analipia joto hilo kwa umeme mwaka mzima. Sebuleni kwangu Chumbageni, Januari na Februari kipimajoto kinasoma 29 hita ikiwa imechomolewa. Kipupwe kikiingia, kuanzia Juni, ndipo inapowaka, tena usiku zaidi. Kwa hiyo hita ya wati 300 kwa Tanga ni kubwa kuliko haja. Ningepewa ya 200 na tofauti ya bei ikanunuliwa pampu ya hewa ya betri, kitu ambacho kifurushi hakikuwa nacho na ndicho ninachokitegemea umeme ukikatika. Maji ya moto hayashiki hewa. Kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba kama miligramu 9 za oksijeni, kwenye 30 hushuka hadi 7.5 hivi. Filta ikisimama usiku wa joto, samaki sita wenye miili ya upana wa kiganja watakuwa juu ya maji wanahema muda si mrefu.

Tuje kwenye mimea, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilitumiwa vishina vya majani mekundu na vifungu vya majani madogo madogo ya kutandaza chini, vya kupendeza kwelikweli kwenye picha. Mimea hiyo ni ya maji ya nyuzi 22 hadi 25, taa kali na mtungi wa hewa ya ukaa. Uiweke kwenye nyuzi 29 bila mtungi, inapumua kwa kasi kuliko inavyojitengenezea chakula, na hewa ya ukaa yenyewe haikai kwenye maji ya moto. Hapa kwetu wanasema waja leo waondoka leo. Mimea ile ilitii. Ililainika, ikawa ute, na jani linalooza ndani ya tangi ni amonia mtupu. Mtu anayejua diskasi kiasi kile hakuwa na sababu ya kuniuzia majani ya maji baridi. Nilipompigia alicheka, akasema wateja wengi wanapenda nyekundu. Alinirudishia nusu ya pesa ya mimea, sawa, lakini kazi ya kufyonza uozo nilifanya mimi.

Nilipoanza upya nilitafuta mimea kwa kigezo kimoja, joto. Anubias imenifaa kuliko yote. Kwao ni Afrika, upande wa Magharibi na Kati, inakua taratibu, haitaki taa kali, na unaifunga kwa uzi juu ya gogo. Shina lake nene usilizike mchangani, litaoza. Echinodorus yenye majani mapana inatoka bara lilelile la diskasi, na samaki wangu wanalala kivulini mwake. Cryptocoryne ya Asia ikihamishwa hudondosha majani ukadhani imekufa. Iache, mizizi ikishika itachipua. Na Vallisneria, yale majani marefu ya utepe, haina adabu kabisa: inatambaa chini ya mchanga na kuzaa kila kona.

Taa ya LED ni nzuri kupita kiasi. Ilipokuwa inawaka kwa nguvu zote, diskasi walijificha nyuma ya gogo na mwani ukapanda kwenye kioo. Nimeipunguza hadi nusu, inawaka saa sita mchana na kuzimwa saa mbili usiku. Mimea niliyoitaja inaridhika.

Maji ya bomba hapa mjini asili yake ni Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na kwangu pH yake, kipimo cha asidi ya maji, hucheza kwenye 7.4. Diskasi wa mwituni, waliozoea maji yenye asidi, wangelalamika, lakini hawa wanaouzwa ni wa kuzalishwa, wengi wao mashamba ya Asia, na wamezoea. Naacha maji kwenye pipa usiku kucha na pampu ya hewa ili klorini itoke. Msimu wa masika nachanganya na ya mvua, baada ya kuacha mvua ya kwanza ioshe bati. Ya kisima nisingeyatia: ukanda huu umekalia mwamba wa matumbawe, na visima vingi maji yake ni magumu, yaani yamejaa chokaa, vingine yana chumvi. Kwa sababu hiyohiyo vipande vya matumbawe na makome ya pambo vibaki kabatini. Hata mchanga, chukua wa mtoni kwa wauza mchanga wa ujenzi, kamulia ndimu juu yake; ukitoa povu una chokaa, urudishe. Huko nje watu wananunua kwa fedha za kigeni majani makavu ya mti wa mkungu, ambayo hupaka maji rangi ya chai hafifu na kuyapa asidi kidogo. Sisi tunayafagia barabara ya Raskazone. Mimi huokota yaliyokauka mtini pasipo na moshi wa magari, nayaosha na kuyatumbukiza mawili matatu.

Kuna dai moja la muuzaji ambalo nalikataa. Alisema mimea itaniondolea kazi ya kubadilisha maji. Inasaidia, kweli, maana inakula amonia na nitrati. Lakini diskasi wanaokua wanalishwa mara kadhaa kwa siku chakula cha nyama, na mabaki hukaa kwenye mizizi ambako mpira wa kufyonzea haufiki vizuri. Tangi tupu unalipangusa ukamaliza, la mimea lina kona. Mimi hubadilisha karibu nusu ya maji kila wiki, na wiki ya moyo wa ng'ombe hubadilisha mara mbili. Asiye na nafasi hiyo achukue samaki wengine.

Ndiyo, moyo wa ng'ombe. Naununua buchani, natoa mafuta na mishipa yote, nausaga na kamba wabichi kutoka soko la samaki la Deep Sea, nagandisha vipande vyembamba. Siku shangazi aliponikuta jikoni na kazi hiyo alisimama mlangoni. "Eti baba, samaki wako anakula moyo wa ng'ombe, na sisi tunakula dagaa?" Sikuwa na jibu, nikamwachia kamba waliobaki. Chakula cha punje nacho wanakila, na ni kisafi zaidi, ila ukuaji niliouona kwa mchanganyiko huu umenifanya nisiache.

Wawili wameshajichagua. Wametaga juu ya jani la Echinodorus, wakayalinda mayai, kisha wakayala, jambo la kawaida kwa jozi changa. Nasubiri, kwa sababu vifaranga wa diskasi hunyonya ute kwenye ngozi za wazazi wao, na hilo nataka kuliona kwa macho yangu.

Kuhusu huduma baada ya mauzo: anapokea simu, hajibu ujumbe. Mzigo mwingine nimeshaagiza kwake, diskasi wawili wa bluu, nao watakaa tangi la pembeni kwa wiki kadhaa kwanza, kuepusha magonjwa. Mimea nimemwambia asipakie. Vallisneria imejaa hadi nang'oa kila mwisho wa wiki, na yeyote jirani wa Chumbageni mwenye tangi aje na ndoo.