Runinga janja bila Wi-Fi: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Runinga hii niliipenda kwa picha yake, na kwa picha sina neno nayo hata leo. Kilichonichosha ni Wi-Fi. Kila nikiiwasha natanguliziwa matangazo, na ikishajisasisha usiku, asubuhi nakuta programu ambazo sikuziomba.

Kilichonitia hofu hasa ni ule utambuzi wa maudhui, unaofupishwa ACR. Runinga huchukua alama za picha iliyo kwenye skrini, ikazituma zikalinganishwe ili ijulikane unatazama nini, hata kama picha inatoka kwenye deki ya DVD. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 huko Marekani, baada ya kushtakiwa kwa kukusanya taarifa za utazamaji kwenye runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe. Mimi sebuleni kwangu sitaki kuchunguzwa.

Nikaingia kwenye mipangilio kutafuta swichi ya kuzima Wi-Fi. Haipo! Simu ndogo kabisa inayo, runinga kubwa hivi haina. Nikachagua "sahau mtandao", ikakatika. Siku chache baadaye mtoto akataka katuni, akaingiza nenosiri, tukarudi kule kule.

Dawa niliipata mahali nisipopategemea: nilibadilisha aina ya muunganisho kutoka Wi-Fi kwenda kebo, kisha nisichomeke kebo yoyote. Juu ya hapo nikaingia kwenye ruta nikaizuia runinga kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, ili hata nenosiri likiingizwa isipite.

Lakini jina la runinga likawa bado linaonekana kwenye simu yangu. Kumbe ni Wi-Fi Direct, inayounganisha vifaa bila kupitia ruta, na ina menyu yake peke yake. Nikaizima. Angalia kwanza rimoti yako, maana zipo zinazotumia njia hiyo hiyo; yangu ni ya Bluetooth, kwa hiyo Bluetooth nimeiacha ikiwa imewashwa.

Chaneli za antena zinashika kama kawaida, na saa haijapotea kwa sababu inajirekebisha kupitia mawimbi ya chaneli hizo. Filamu natazama kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa HDMI. Masasisho, nikiyahitaji, nitayaweka kwa fleshi.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa ajili ya ile swichi.