Eili na stauti zisizovuma: kabla ya jina, tazama rangi ya chupa

Jua la kiangazi likitoka tu huku Uingereza, simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja. Dada, ile bia ya Kiingereza uliyoisifia mbona inanuka? Mdau wa Leicester anasema inanuka mpira ulioungua. Wa Reading anasema kicheche kapita jikoni kwake. Nikimuuliza kila mmoja chupa ilikuwa ya rangi gani, jibu halibadiliki: nyeupe, dada, ile unayoona bia mpaka upande wa pili.

Basi leo sianzi na uchungu, utamu wala asilimia za kileo. Hayo yameandikwa kwenye lebo na macho mnayo. Tuzungumze kioo, kwa sababu muuzaji hatakuambia, na kiwanda kinachotumia chupa nyeupe kinajua kabisa kinachofanya.

Iko hivi. Uchungu wa bia hutoka kwenye maua ya hopsi. Mwanga ukiupiga uchungu huo, ukisaidiwa na vitamini B2 iliyomo kwenye bia yenyewe, sehemu yake huvunjika na kuungana na salfa. Kinachozaliwa ni ukoo mmoja na ile harufu anayojihami nayo kicheche, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga mbaya. Ya kijani huzuia kidogo. Nyeupe haizuii kitu. Kopo halipitishi mwanga kabisa, ndiyo maana nawacheka wanaoliona kopo ni la watu wa hali ya chini. Juani, dakika chache zinatosha kuiharibu bia ya chupa nyeupe. Chini ya taa za supamaketi huchukua muda mrefu zaidi, lakini bia isiyo na jina kubwa ndiyo hiyo inayokaa rafuni wiki baada ya wiki ikisubiri mtu kama wewe.

Sisi tuliokulia kwenye chupa za kahawia za Safari na Tusker hatukuwa na sababu ya kulijua tatizo hili. Huku eili (ale, bia ya jadi ya Kiingereza, si laga) ina rangi nzuri, ya shaba hadi wekundu wa rubi, na watu wa masoko wanataka uione ikimeremeta. Unalipia urembo, unafungua uvundo. Kuna duka la bia za ufundi mjini kwangu, watu wenye ndevu na aproni za ngozi, wanaokuuliza unapenda hopsi za bara gani, halafu chupa zao wamezipanga dirishani zikiota jua la mchana kutwa. Nikawaambia. Wakanitazama kama mtu aliyekuja kuuza bima. Kwenye duka la namna hiyo omba ya stoo, iliyo bado kwenye boksi. Wakikataa, ondoka.

La pili ni baridi. Eili na stauti (stout, ile bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa) za kawaida za Kiingereza hazitakiwi kutoka kwenye friji zikiwa na barafu. Baa zinazojua kazi huweka mapipa chini ya nyumba kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Kwa hiyo ninyi ambao mhudumu wa baa kule nyumbani akiuliza ya moto au ya baridi mnajibu ya moto bila haya, karibuni, hapa mko kwenu. Wa baridi itoeni kwenye friji mapema kidogo.

Sasa orodha. Na niseme wazi, mimi ni mtu wa O'Hara's na sina mpango wa kujificha.

Namba moja: O'Hara's Leann Folláin, stauti ya asilimia 6 kutoka kaunti ya Carlow, Ayalandi. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1996 na ndugu wawili, Seamus na Eamon O'Hara, wakati ambapo kuanzisha kiwanda kidogo cha bia nchini humo kilikuwa kichekesho, kwa jinsi vigogo walivyokuwa wamelishika soko. Chupa ni ya kahawia. Ndani kuna shayiri iliyokaangwa hasa, uchungu wa kahawa isiyo na sukari, kisha kitu kama chokoleti nyeusi kinachobaki kooni. Haina ule ulaini wa naitrojeni uliouzoea kwenye pinti ya Guinness ya Dublin, na ndicho ninachokipenda: naitrojeni hufanya povu kuwa krimu, lakini huficha makali. Ukiona asilimia 6 ni nyingi, stauti yao ya kawaida ni 4.3, na bia yao nyekundu nayo ni 4.3. Ile nyekundu ndiyo ningemwekea mtu anayeanza, anayetoka kwenye laga kama Tusker na hataki kushtuliwa. Ina utamu wa kimea kilichochomwa kidogo na inamalizika kavu. Watu wataniambia Smithwick's ni maarufu zaidi na ina historia ya mwaka 1710 kule Kilkenny. Ni kweli. Lakini kiwanda chake cha Kilkenny kilifungwa mwaka 2013, kazi ikahamia Dublin, na mwongozo huu ni wa zisizovuma.

Namba mbili: Fuller's London Porter, asilimia 5.4. Pota ndiyo bia iliyonywewa na wapagazi na vibarua wa London karne ya 18, na stauti imezaliwa humo, ikiitwa kwanza pota kali tu. Ilipikwa kwa wingi wa kutisha. Tarehe 17 Oktoba 1814 pipa kubwa la kiwanda cha Meux, karibu na Tottenham Court Road, lilipasuka, na mafuriko ya pota yakaua watu wanane. Hii ya Fuller's ni ya siku zetu, lakini kimea chake cha kahawia na hopsi za Fuggles ni vya zamani vilevile. Kampuni iliuza upande wa bia kwa Asahi wa Japani mwaka 2019 na wapenzi wengi wakasusa. Mimi sijasusa, kwa kuwa chupa imebaki ya kahawia na kilichomo bado ni kizuri. Eili yao nyingine, ESB, asilimia 5.9 kwenye chupa, ni ya mtu anayependa bia ya kaharabu, nzito, yenye harufu ya mamaledi. Nainywa nikiwa na mishikaki.

Namba tatu nimemwekea Theakston Old Peculier, asilimia 5.6, kutoka Masham, Yorkshire. Ni nyekundu ya giza na ina matunda makavu ndani yake, tende na zabibu, na Mswahili aliyelelewa na tende haitamsumbua. Ni ya jioni za Novemba na mvua ya huku isiyo na adabu.

Namba nne ni Beamish ya Cork. Jina ni la mwaka 1792. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2009 na sasa inapikwa palepale mjini, kwenye kiwanda kinachotengeneza Murphy's, vyote chini ya Heineken. Asilimia 4.1, nyepesi, na mara nyingi baani huwa nafuu kuliko yule mkubwa wa Dublin, Guinness. Ikipatikana kwenye kopo, lina kile kijipira cha plastiki chenye naitrojeni. Hilo limiminie kwenye glasi kwa mkupuo mmoja na usilinywe kwenye kopo lenyewe, tafadhali.

Kwa wale wa Guinness ya Nairobi au Dar mnaoniuliza mbona ya Dublin ni maji: si maji. Mnayoijua ni ya mtindo wa kusafirishwa, kali zaidi na yenye gesi ya kawaida. Ninyi nendeni moja kwa moja kwenye Leann Folláin.

Halafu kuna maildi (mild), ambayo siwezi kuipa namba kwa sababu chupani hainunuliki kirahisi. Ni bia ya wachimba makaa na watu wa viwandani, tamu kidogo, mara nyingi nyeusi, kwa kawaida asilimia 3 na kitu, ya kunywa nyingi baada ya zamu bila kuanguka njiani. Viwanda vya chuma vikafa nayo ikafifia. Ila kule Sedgley, nje kidogo ya Dudley, kuna baa inayoitwa Beacon Hotel yenye kiwanda chake nyuma, na wanapika Sarah Hughes Dark Ruby Mild ya asilimia 6. Vyumba ni vidogo, na unaagizia kwenye vidirisha unavyolazimika kuinama ili uhudumiwe. Ukiwa Birmingham huna udhuru. Hapo tatizo la kioo halipo kabisa, bia inatoka kwenye pipa. Mfano mwingine wa pipa ni Harvey's Sussex Best ya Lewes, asilimia 4.

Bia hizi za pipa tunaweza kuzinywa leo kwa sababu ya ubishi wa Waingereza wanne waliokuwa likizo Ayalandi mwaka 1971. Walikaa baa ya Kruger's, Dunquin, Kerry, wakachukia gesi na bia za viwanda vikubwa, wakaanzisha CAMRA, chama cha kutetea bia ya pipa. Wanaume waliokwenda kunywa tu, wakarudi na harakati.

Kuna chupa zitakuwa na machicha ya hamira chini. Si uchafu, bia imemaliziwa kuchacha ndani ya chupa. Iache imesimama, mimina taratibu, kidogo cha mwisho kiache.

Za bei poa, yale makopo manne ya eili ya supamaketi, ni za kupikia nyama tu. Tuendelee.

Sasa bei, maana hapa ndipo damu yangu huchemka. Uingereza hutoza ushuru wa bia kwa kufuata nguvu ya kileo, na tangu tarehe 1 Agosti 2023 chini ya asilimia 3.5 kiwango hushuka sana. Nia huenda ni nzuri. Matokeo yake ni kwamba eili kadhaa za chupa zimepunguzwa nguvu kimyakimya, lebo ileile, bei ileile, tofauti ya ushuru ikibaki kwa wenyewe. Soma ile namba ndogo kila unaponunua, hata bia uliyoizoea. Iliyokuwa 4 kabla ya hapo inaweza kuwa 3.4 leo, na mwili wake umekonda.

Ayalandi wana yao. Tangu Januari 2022 sheria inakataza kuuza kileo chini ya senti 10 za yuro kwa kila gramu. Kopo la nusu lita la asilimia 4.3 kwa hiyo haliruhusiwi kushuka chini ya yuro 1.70 hivi, liwe zuri au baya. Anayekwenda Dublin kumtembelea ndugu asipoteze muda kuwinda ofa za laga. Ile tofauti ndogo aongezee, achukue O'Hara's, ya kahawia, kutoka nyuma ya rafu.