Kukesha au Kusoma Kidogo Kidogo

Muhula wenye masomo sita na ripoti kila wiki ulinilazimisha kuchagua: nikeshe mtihani ukikaribia, au nisome dakika 40 kila jioni.

Kukesha kuna faida yake, sikatai. Ukibanwa, usiku mmoja unaweza kukuvusha. Lakini kesho yake nilisoma swali la kwanza mara tatu, kalamu mkononi, na fomula niliyoiandika saa tisa usiku imeyeyuka. Ubongo huimarisha kumbukumbu tukiwa usingizini, nami nilikuwa nimeunyima nafasi hiyo.

Kusoma kidogo kidogo hakuna msisimko, na wiki ya kwanza huoni tofauti. Hata hivyo, mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Nilifunika daftari, nikajiuliza, nikafunua; nilipokwama ndipo niliporudia. Ilinibidi pia niwaambie marafiki “leo siwezi”, na hilo lilikuwa gumu kuliko hesabu zenyewe.

Kwa orodha fupi ya kukariri, kukesha huenda kukakuokoa. Kwa chochote nitakachokihitaji muhula ujao, nachagua jioni zangu, na saa nne usiku nazima taa.