Msinunue ile bunduki ya bata Luthuli kabla ya kusoma haya (uzoefu wangu)

Nyota moja, na hata hiyo naitoa shingo upande. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mtanisamehe nikipanda na kushuka.

Nilikuwa Luthuli Avenue, Nairobi, wiki jana au ile ya juzi, nikitafuta rimoti. Tangu ile barabara itengenezwe upya 2019 mtu anaweza kusimama mbele ya duka akatazama vitu kwa utulivu, bila honi nyuma yake. Basi nikasimama. Dirishani, katikati ya spika na chaja, kulikuwa na mashine ya gemu ya zile za kaseti, nyekundu na nyeupe, kontrola mbili zimekunjiwa nyaya zake, na kando yake bunduki. Bunduki ya bata, ile ya gemu ya kulenga bata wanaoruka kwenye TV! Miguu iligoma kusonga.

Waliokulia Eastlands wakati wangu hawahitaji kuelezwa. Sisi tulikuwa mtaa wa Jericho, nyumba za kansol, yaani za baraza la jiji. Katika safu yetu mashine ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwetu, kwa sababu mjomba alikuwa ameileta. Iliigiza ile mashine ya Nintendo iliyotoka Japani 1983, ingawa sisi hilo hatukulijua wala halikutuhusu. Televisheni ilikuwa Great Wall ndogo, nyeusi na nyeupe, imefunikwa kitambaa alichofuma mama. Unakitoa kitambaa, unakikunja vizuri, unazungusha kile kitufe cha stesheni polepole mpaka chenga zigeuke picha. Kaseti ikikataa unaitoa, unaipuliza, unairudisha. (Watengenezaji wenyewe walikuja kukataza kupuliza, eti unyevu wa mdomo unaleta kutu. Sisi zetu tulizipuliza miaka yote na zilicheza.) Watoto wanane, tisa, wamekaa sakafuni wakingoja zamu. Saa moja jioni baba anaingia, taarifa ya habari, na hapo hakuna mjadala, hata kama uko hatua ya mwisho.

Kwenye Contra, gemu ya wanajeshi, nilikuwa wa kawaida. Kwenye gemu ya vifaru vya vita, kaka yangu mkubwa alinimaliza kila siku. Lakini bunduki ikishikwa, safu nzima ya nyumba ilijua mimi ndiye mlengaji. Bata kumi, risasi tatu kwa kila bata, na mimi nilikuwa nikiwaangusha kumi wote mara kwa mara. Wavulana wakubwa walikuwa wanakosa, yule mbwa wa ndani ya gemu anainuka kwenye nyasi anawacheka, halafu wananipisha. Msichana wa miaka minane anapishwa na wavulana wa darasa la saba. Mnajua hiyo ni nini kwa mtoto?

Basi nikaingia dukani. Nikauliza swali moja tu, na nililiuliza kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angeelewa: "Hii bunduki inafanya kazi kwa TV bapa?" Kijana akanijibu, "Madam, inafanya kwa TV yoyote. Ni kuchomeka tu." Akaichomeka hapo kwa TV ya ukutani, Mario akatokea, akaruka, akagonga matofali. Bunduki hakuijaribu, na mimi furaha ilikuwa imenijaa, sikumsukuma. Nikalipa elfu mbili na mia tano kwa M-Pesa nikaondoka nimekumbatia boksi kama mtoto mchanga.

Nyumbani, msichana wangu wa miaka tisa alikuwa anangoja. Niseme ukweli, kila kitu kingine kilikuwa sawa. Kaseti imeandikwa gemu milioni tisa na zaidi, na ni uongo uleule wa zamani: ni gemu chache zimerudiwarudiwa, Mario akianzia hatua nyingine anahesabiwa gemu mpya. Hilo halikuniudhi hata kidogo, lilinifurahisha, kwa sababu hata udanganyifu wao haujabadilika. Nilifungua Contra, na vidole vikabonyeza ile siri ya zamani, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A kabla kichwa hakijakumbuka, na yale maisha thelathini yakaja. Msichana wangu alinitazama kama nimefanya uchawi. Mpaka hapo ningetoa nyota tano.

Ndipo nikamwambia, "Sasa tulia uone."

Bata wa kwanza akapaa. Nikalenga, nikafyatua, ule mlio wa chuma, tak. Hakuna. Tak, tak. Akaenda zake. Wa pili, wa tatu. Nikasogea karibu. Nikasogea mpaka mdomo wa bunduki ukagusa kioo, nikafyatua bata akiwa papo hapo mbele ya mtutu, na bado hakuna. Kumi wote waliruka wakaenda, na kila mmoja akienda yule mbwa anainuka kwenye nyasi, mkono mdomoni, anacheka. Msichana wangu hakucheka. Aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Mama, si ulisema ulikuwa unajua?"

Nilirudi dukani siku mbili baadaye, au tatu. Nilikuwa na mtoto kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Kijana ni yuleyule. Nikamweleza kwa upole. Hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema, na haya ni maneno yake: "Madam, shida si bunduki, shida ni mkono. Hii mchezo ni ya watoto. Mkono ukizeeka hautulii." Vijana wawili waliokuwa wakipakua katoni wakacheka.

Nikamwambia, "Haya, wewe mkono wako haujazeeka. Piga bata mmoja tu, mmoja, nitaondoka." Duka lile lina televisheni ukuta mzima, zote zimewaka. Angechomeka tu. Alikataa. Akachukua risiti yangu akaweka kidole pale chini palipoandikwa kwamba bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Kisha akaongeza, "Ukitaka nikuuzie ingine, hiyo tutaongea." Akarudi kwa simu yake.

Pesa zinauma, lakini pesa zinatafutwa. Kilichonichoma ni mtoto wangu kusimama pale ameshika mkono wangu, akisikia mama yake anaambiwa mbele za watu kwamba amezeeka na hajui analosema. Hata salamu hakumpa. Muuzaji anayejua bidhaa yake angesema, "Pole mama, hizi hazifanyi na TV mpya." Sentensi moja. Na kama hajui bidhaa yake, angesema hajui, na hilo pia lina heshima yake. Nyumbani nilikaa na ile bunduki kitandani naitazama. Nilifikiria kuitupa. Kibaya zaidi, nilianza kujiuliza kama ni kweli, kama mkono umezeeka, au kama sikuwahi kujua kulenga.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonifanya nisijue nitoe nyota ngapi.

Jumapili tulienda kumtembelea shangazi Kayole. Mtoto alibeba mashine, alikuwa amemzoea Mario. Shangazi bado ana televisheni yake ya kisogo, ile nzito inayobebwa na watu wawili, na juu yake king'amuzi alichonunua tulipohamia dijitali 2015, kwa sababu alisema TV nzima haitupwi. Nyaya zilitushinda, tukamwita fundi wa redio wa jirani, mzee mmoja wa miaka sabini hivi. Alipoiona ile bunduki alitabasamu akaniuliza, "Umeijaribu kwa TV gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu," alisema, "hii bunduki haipigi kitu. Inaangalia."

Akanieleza huku akichomeka nyaya. Ndani ya mtutu kuna jicho la kuona mwanga, basi. Hakuna kinachotoka. Ukifyatua, mchezo unafanya kioo kiwe cheusi kwa muda ambao hata huoni, sehemu moja ya hamsini au sitini ya sekunde, kisha unachora kisanduku cheupe pale alipo bata. Jicho likiona giza halafu mwanga, bata ameanguka. Ndiyo maana hata ukilenga balbu hudanganyi mtu, kwa sababu balbu haizimiki, na mchezo unataka giza kwanza. Kwa TV ya kisogo ule mwanga unatokea wakati uleule mashine inapouchora. TV bapa inapokea picha, inaitengeneza kwanza ili ijae kioo, ndipo inaionyesha. Inachelewa kidogo tu, wewe huoni, lakini bunduki imeshaangalia ikakuta hakuna kitu. "Hata ungeweka mtutu kwa macho ya bata," akasema.

Hata ungeweka mtutu kwa macho ya bata! Nilikuwa nimefanya hivyo hasa. Nilitaka kumkumbatia yule mzee. Malipo alikataa, akakubali chai.

Nikakaa sakafuni, si kwenye kiti. Bata akapaa, wa kijani, na anga la samawati, rangi ambazo utotoni sikuziona kwa sababu Great Wall yetu iliwafanya wote wa kijivu. Tak. Bata akasimama hewani kidogo, akageuka kichwa chini, akaporomoka. Mbwa akainuka na bata mkononi. Wa pili. Wa tatu. Nilikosa wa nne. Nikaangusha wote waliobaki, na shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi akipiga vigelegele kama harusini.

Basi hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Nikampa mtoto bunduki, na mimi nikashika kontrola bila kufikiria, nikibonyezabonyeza kama mtu anavyochezea rozari. Bata wake akaanza kuruka vibaya, akishuka, akipanda, akienda kushoto kwa ghafla. Nikaacha kubonyeza, akatulia. Nikabonyeza chini, akashuka.

Kumbe kontrola ile nyingine inamwendesha bata, ukichagua ule mchezo wa kwanza wa bata mmoja. Miaka yote hii sikujua. Lakini nilijua mara moja ni nani aliyejua. Kaka yangu hakuwa anapiga bata. Alikuwa anakaa nyuma yetu ukutani, amejifunika leso ya mama mapajani, anasema anasikia baridi.

Nilimpigia palepale. Yuko Mombasa, na alikuwa njiani kutoka kazini. Nikamuuliza bila salamu, "Chini ya ile leso ulikuwa na nini?" Akanyamaza. Kisha akacheka mpaka nikasikia watu ndani ya matatu wanamuuliza kuna nini. Akasema wavulana wakubwa walikuwa wanajidai, kwa hivyo bata wao aliwarusha kama wendawazimu. "Na mimi?" Akasema, "Wewe nilikuwa nakushushia. Ukikosa ulikuwa unaenda kulia kwa mama, na mama akikuja anatuzimia sisi wote." Halafu akaongeza, taratibu, "Lakini si kila siku. Siku zingine mikono ilikuwa imechoka, na bado ulikuwa unawapiga."

Sijui kama hilo la mwisho ni kweli au alikuwa ananishushia tena.

Kwa hivyo mnataka nyota ngapi? Mashine yenyewe ni nzuri. Mlio ni uleule, uzito wa kontrola ni uleule, hata adapta inapata moto kama zamani na inatoa ile harufu. Kama mzazi wako au shangazi yako bado ana TV ya kisogo, nunua leo, hutajuta, nyota nne na nusu. Kama nyumbani una TV bapa peke yake na unachotaka ni bata, usinunue, hata muuzaji akikuapia. Muulize afyatue yeye mwenyewe mbele yako.

Na lile duka nalirudisha kwenye nyota moja. Nilikuwa nimeanza kulainika nikiandika haya, nikafikiria kijana wa watu huenda alikuwa na siku mbaya. Halafu nikakumbuka kile kidole chake kwenye risiti, na mtoto wangu akitazama viatu vyake. Nyota moja. Jina la duka sitaji, yeye anajijua.

Shangazi amekataa mashine isirudi kwetu. Ameiweka juu ya king'amuzi, na bunduki ameitundika kwenye msumari kando ya kalenda. Kaka anakuja mwisho wa mwezi. Nimemwambia atakaa mbele, mikono juu, na leso hatashika.